UZI: Makisio ya kanisa tunapitisha Januari, muumini wa Dodoma anavuna Juni. Hapo nani anamchunga nani?

Katibu_wa_Vikao (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nipo kwenye kamati ya mipango na fedha ya kanisa letu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, na nimekaa humo muda wa kutosha kuona wachungaji wakija na wakihamishwa. Dhehebu silitaji, mtaa siutaji, maana sikuja kumsema mtu. Nimekuja na hoja moja, mnipige nayo mtakavyo: ukitaka kujua kiongozi wa kanisa ni mtu wa kiroho kiasi gani, acha mahubiri yake kwanza, omba usome makisio, yaani bajeti, aliyoyapitisha. Angalia mzigo umewekwa mgongoni kwa nani, na umewekwa mwezi gani.

Nieleze kwa nini nasema mwezi gani.

Mnajua Dodoma ilivyobadilika. Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, kila kitu kilifumuka. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni jiji, ya 2022 ikakuta 765,179. Iyumbu, Ilazo, Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, mahali palipokuwa na mashamba ya mtama na mbuyu mmojammoja, leo kuna geti na ukuta wa tofali. Makanisa yamefuata watu. Kanisa lililokuwa na benchi sita na mwinjilisti mmoja mwenye baiskeli leo lina ibada mbili, ya kwanza na ya pili, na kundi la WhatsApp lenye kelele kuliko kwaya.

Waliohamia wametuletea mambo mazuri. Taarifa ya mapato na matumizi inachapwa. Fedha iko benki. Mtunza hazina hawezi tena kusema "hesabu ziko nyumbani". Ila wametuletea pia mpango mkakati wa mtindo wa ofisini: dira, dhima, shabaha, viashiria, robo ya kwanza, robo ya pili. Niliwahi kusoma mpango mkakati wa kanisa moja ambao ukifuta neno "Mungu" kwenye ukurasa wa kwanza, unaweza kuupeleka kwenye baraza la madiwani lolote na wakaupitisha bila swali.

Sasa robo ya kwanza kwa mtumishi mwenye mshahara ni robo kama nyingine. Kwa mkulima wa Nala, Mkonze au Mvumi, Januari hadi Machi ndipo ghala limefika chini. Mvua huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka mzuri, na Februari mara nyingi jua linakatiza katikati na watu wanaangalia juu. Ndiyo miezi ya palizi, ya ada na sare za shule, ya kununua unga kwa kilo. Fedha inaingia mtama na alizeti vikishavunwa, kuanzia Mei au Juni. Mwenye zabibu kidogo ana nafuu kwa kuwa anavuna mara mbili kwa mwaka, lakini si kila mtu ana shamba la zabibu.

Na sisi Jumapili ya pili ya Januari tunafanya nini? Tunagawa fomu za ahadi. Ujenzi, fungu la kumi, gari la mchungaji, mfuko wa dayosisi, sherehe ya kuwaaga na kuwakaribisha. Fomu inajazwa hadharani, mkono wa jirani yako unauona. Mzee anaandika namba asiyoweza kuitoa kwa sababu hawezi kuandika sifuri mbele ya mkwe wake. Ikifika Machi tunasoma majina ya waliotimiza, na kila mtu anajua kwamba ambaye jina lake halikusomwa ndiye anayedaiwa. Aprili mzee haonekani. Tunasema amerudi nyuma, ombeni. Kumbe hajarudi nyuma popote, yupo shambani kwake Jumapili asubuhi kwa sababu shambani hakuna anayemsomea orodha.

Hili si suala la uchumi pekee. Kondoo amekimbia zizi kwa sababu ya ratiba iliyopangwa na mchungaji na wazee wake, wakiwemo wa kamati yangu. Halafu tunafunga na kuomba wiki nzima kwa ajili ya "waliopoa".

Kwenye harambee huwa tunasomewa Nehemia. Sura ya 2, "tuondoke tukajenge". Sura ya 4, upanga mkono mmoja na kazi mkono mwingine. Sura ya 5 inarukwa kila mara, na mimi nadhani ndiyo iliyomfanya Nehemia awe kiongozi wa kiroho na siyo mkandarasi. Kabla ukuta haujaisha, watu maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu yao wapate nafaka, na watoto wao wanatiwa utumwani. Alikasirika, akaita mkutano, akawabana wakubwa warudishe mashamba na riba. Kisha anasema yeye mwenyewe kwa miaka 12 ya uliwali hakula posho ya liwali, kwa kuwa utumwa ulikuwa mzito juu ya watu. Ukuta uliisha kwa siku 52. Hizo siku 52 tunazitaja sana. Posho ambayo haikuliwa hatuitaji.

Kanisani kwetu tumebadilisha mambo machache, siyo mengi. Makisio tunayajadili Agosti, mavuno yakiwa yamekwisha na kila mtu anajua amepata gunia ngapi. Ahadi haziandikwi mbele ya watu. Mwaka una vipindi viwili vya kutoa, kimoja baada ya mavuno na kingine kwa wenye mshahara na biashara wakati wowote, na anayeleta debe la mtama au kuku anapokelewa sawasawa na anayetuma kwa simu. Mnada wa baada ya ibada upo, tena unachangamka. Majina hayasomwi. Januari hadi Machi hakuna harambee ya aina yoyote, na mfuko wa diakonia, yaani wa kusaidia wahitaji, ndiyo unaofanya kazi miezi hiyo.

Ujenzi umechelewa, sifichi. Tuko kwenye lenta bado. Kuna wazee wanaona tumelegea. Ndiyo maana nimeleta uzi.

---

MtuWaMadhabahu

Mkuu nimesoma yote. Kwa heshima, ninyi mmegeuza kanisa kuwa NGO. Makisio, vipindi viwili, mfuko wa hiki na kile. Roho Mtakatifu anapita wapi hapo? Mitume walipanga nini siku ya Pentekoste? Walikaa orofani wakaomba. Paulo mwenyewe alipanga kwenda Bithinia, Roho akamkatalia. Mungu akisema jenga, unajenga, hata kama ni Februari na ghala lina panya tu. Imani haisubiri alizeti.

---

Katibu_wa_Vikao

Mtumishi, asante kwa kusoma hadi mwisho, wengi wanaishia kichwa cha habari.

Bithinia nimeipenda. Soma Matendo 16 polepole. Paulo alizuiwa akiwa njiani. Aliamka asubuhi akiwa na safari, akakatazwa upande mmoja, akajaribu upande mwingine, akakatazwa, akaishia Troa na ndipo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Aliyekaa kitandani Roho atamzuia kwenda wapi?

Na Paulo huyohuyo, kwenye mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho utaratibu kamili: kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, "kwa kadiri ya kufanikiwa kwake", ili michango isifanyike atakapofika. Yaani hakutaka harambee ya mgeni rasmi. Alitaka mtu atoe kwa kipimo cha kile alichopata, kabla mgeni hajaja. Katika barua ya pili, sura ya 8, anaeleza kwamba fedha ile itasindikizwa na ndugu waliochaguliwa na makanisa, mtu asije akawalaumu. Huyo ni mtume aliyewahi kunyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na bado alitaka mashahidi kwenye fedha.

Kuhusu Februari: Mungu akisema jenga Februari, tutajenga. Ninachouliza ni kwa nini kila mara anasema mwezi ambao mchungaji anahamishiwa na anataka kuacha alama.

---

Mchambuzi_Mkali

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni wachungaji wanataka magari. Uzi ufungwe.

---

Katibu_wa_Vikao

Wapo. Wapo pia wanaokaa miezi bila posho na wanaona aibu kusema. Mpango mzuri unawabana wa kwanza na unawalinda wa pili. Usiufunge uzi bado.

---

Mama_Ilazo

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mimi nauliza kitu kimoja. Kwenye hayo makisio yenu, jiko lipo?

Maana kanisani kwetu semina ya viongozi ni "bure". Mkesha ni "bure". Ugeni wa askofu umetengewa fedha ya hema na vipaza sauti. Chakula hakimo. Chakula kinaandikwa "umoja wa akina mama watashughulikia". Kushughulikia maana yake ni sisi. Mchele ni wetu, mafuta ni yetu, kuni tunabeba, sufuria tunaazima, tunaamka saa tisa usiku, na ibada yenyewe tunaisikilizia dirishani huku macho yakiwa kwenye sufuria. Mwisho wa siku taarifa inasomwa kwamba ugeni umegharimu shilingi kadhaa. Haijagharimu hizo. Imegharimu mara mbili yake, nusu imetoka kwenye pochi za wanawake ambao ndio haohao wamejaza bahasha za ujenzi.

Katibu umeongelea mkulima, umefanya vizuri. Basi ongeza na mke wake, ambaye anatoa ahadi ya familia na hapohapo anatoa jiko.

Halafu kamati ya mipango ina wanawake wangapi? Usinijibu "mwenyekiti wa akina mama anaalikwa". Kualikwa na kuwa mjumbe ni vitu viwili.

---

Katibu_wa_Vikao

Shikamoo mama. Jiko halimo. Nimefungua jedwali sasa hivi, halimo. Kuna mstari wa "mapokezi ya wageni" ambao ni maua na maji ya chupa. Wajumbe wanawake ni wawili kati ya tisa.

Hili nalichukua kama lilivyo. Kila shughuli itakayoletwa kwenye kamati ije na gharama ya chakula yenye kiasi, hata kama mwisho wa siku akina mama watasema tunaitoa sadaka. Ikitolewa sadaka iandikwe sadaka, ili ijulikane ni nani amelisha.

---

Mtumishi_wa_Mtumba

Wakuu, mimi ni mmoja wa hao "waliohamia". Nilikuja na wizara, nikajiunga na kanisa lililo karibu na nyumba. Naomba kututetea kidogo, maana naona tunaanza kuwa mbuzi wa kafara.

Nilipofika nilikuta kikao cha baraza kinaitwa saa nane mchana, kinaanza saa kumi, kinaisha usiku. Muhtasari hakuna. Maamuzi ya kikao kilichopita yanakumbukwa na mzee mmoja, na kumbukumbu yake inafuata upepo. Lipa namba ya kanisa ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu. Na kiwanja, hapa mnisikilize vizuri, kiwanja cha kanisa jipya kilikuwa kimenunuliwa kwa hati ya mauziano ya serikali ya mtaa, kwa jina la mchungaji aliyekuwepo wakati huo. Alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Lakini angefariki, wale wa kugombania kile kiwanja na kanisa wangekuwa watoto wake, na sheria ingewasikiliza.

Kanisa au shirika la dini linaandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mali inashikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sura ya 318. Kiwanja cha kanisa kiandikwe kwa jina la wadhamini hao, basi. Na kabla ya kununua, nendeni Jiji mkaulize kile kiwanja kimepangiwa matumizi gani. Hapa Dodoma karibu kila kitu kimepimwa, urithi wa CDA huo, mamlaka iliyokuwa ikiendeleza makao makuu, tangu 1973 hadi ilipovunjwa 2017. Kiwanja cha makazi ukikijengea kanisa bila kubadilisha matumizi, unapanda mgogoro na majirani na Jiji kwa pamoja. Nimeona waumini wamechangishana hadi msingi, wakasimamishwa.

Sasa niambieni, haya ni mambo ya kimwili? Mjane aliyetoa mayai yake yakanunua kiwanja kisicho na mwenyewe, nani amemchunga? Kwenye Matendo 6 wale saba waliochaguliwa kugawa chakula kwa wajane walitakiwa wawe wamejawa na Roho na hekima. Kwa kazi ya mezani! Sisi mtunza hazina tunamchagua kwa sababu ana duka.

Kuhusu Januari nakubaliana nawe, katibu. Sikuwa nimewahi kufikiria. Mshahara wangu unaingia tarehe zilezile mwaka mzima.

---

Mwinjilisti_Mstaafu

Amani kwenu wanangu. Mjukuu ananisaidia kuandika.

Nimetumika vijijini upande wa Mpwapwa na baadaye Mvumi, kwa Waanglikana. Nawasoma naona mnaongea kana kwamba mipango ya kanisa imekuja na ofisi za serikali. CMS, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanzishwa mwaka 1927, askofu wa kwanza akiwa George Chambers, na eneo lake lilikuwa kubwa mno, makasisi wachache. Mlidhani walilishika vipi? Kwa walimu na wainjilisti wa vijijini. Kijiji, darasa chini ya mti, mwalimu mmoja. Ndiye alifundisha kusoma, ndiye alifundisha ubatizo, ndiye alizika. Kasisi alifika mara chache na alipofika alikuta orodha iko tayari, nani amekamilisha mafundisho, nani amegombana na nani. Ule ulikuwa mpango, ila haukuwa na jalada.

Na yule mwinjilisti alilima. Hilo ndilo kubwa. Alikuwa na shamba lake la uwele pembeni ya watu wake, mvua ikikatika ilikatika na kwake. Haikuhitajika kamati kumwambia kwamba Februari watu wana njaa. Tumbo lake lilimwambia. Mahubiri ya msimu wa njaa hayakuwa ya utoaji. Tulihubiri kugawana.

Leo mchungaji anakaa mjini, analipwa kwa mwezi, anakuja na gari. Simlaumu, dunia imebadilika. Lakini ameondolewa kwenye mvua ya watu wake, na sasa inabidi aambiwe kwa karatasi kile ambacho sisi tulikijua kwa jembe. Kwa hiyo karatasi iwepo, naikubali, tena iandikwe vizuri.

Ila nina swali kwa mwanangu katibu. Mchungaji wenu akihamishwa mwakani, huu utaratibu wa Agosti utabaki? Nimezika mipango mingi kuliko watu. Anakuja mpya, anataka cha kwake, anaanza upya na nyimbo mpya.

---

Katibu_wa_Vikao

Shikamoo baba. Umegusa penyewe.

Kwa kweli ni mchungaji huyu aliyekubali tujaribu. Aliyemtangulia alisema tunaua imani ya watu. Tulichofanya ni kuupeleka utaratibu kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ukapitishwa na waumini wenyewe na kuingia kwenye muhtasari uliosainiwa, nakala ikapelekwa ngazi ya juu. Mchungaji mpya anaweza kuubadilisha, lakini itabidi asimame mbele ya watu waseme ndiyo. Sijui kama inatosha. Kwa mfumo wetu mchungaji ana nguvu nyingi, na wazee wetu wengi wamelelewa kutokumpinga mtumishi hadharani. Wakitoka nje ndipo wanasema.

Hapo ndipo naona wazee wa kanisa wanapaswa kulelewa upya. Mzee anachaguliwa kwa umri na nguo nzuri, anapewa kazi ya kukusanya sadaka na kushika sahani. Yethro alipomwona Musa anaamua kesi za watu kutoka asubuhi hadi jioni alimwambia atajichosha yeye na watu, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Wakuu wa makumi! Mtu mmoja, kaya kumi. Tukiwa na mzee anayezijua kaya kumi kwa majina, anajua nani kavuna, nani mgonjwa, nani kijana wake kashikwa na pombe, basi mchungaji yeyote akija anakuta kundi lina wachungaji tayari.

---

Mkatoliki_wa_Kondoa

Tumsifu Yesu Kristo. Hiyo ya kaya kumi sisi tunaiita jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa Kanisa huku kwetu, na mpaka leo ukitaka ubatizo wa mtoto au ndoa, swali la kwanza ofisini ni "jumuiya gani?"

Faida yake mnaijua. Nawapa na hasara ili msije mkaiga kichwakichwa. Jumuiya ikishakuwa mlango wa kukusanyia michango, watu wanaikwepa. Tulikuwa tunasali rozari na kusoma Injili nusu saa, halafu saa nzima ni michango: ya parokia, ya jimbo, ya msiba, ya upadrisho. Mwenyekiti wetu wa sasa ameweka sheria yake mwenyewe: wiki mbili za mwezi ni Neno na kutembelea wagonjwa tu, fedha haitajwi hata kwa utani. Wanaume wameanza kurudi. Wanaume, jamani!

---

KijanaWaUDOM

Mimi nipo mwaka wa tatu. Makanisa ya kuzunguka chuo yanatuhesabu kwenye mahudhurio, yanajivunia vijana, yanapanga ibada ya tatu kwa ajili yetu. Julai chuo kinafunga, tunaondoka, viti vinabaki. Na tukirudi kuna fomu ya ahadi ya ujenzi, sisi ambao tunahangaika boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, itufikishe mwisho wa mwezi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nikimaliza naenda wapi, nina ushauri gani wa ndoa au wa kazi. Nimeulizwa tu kama naweza kupiga kinanda.

Mnaweza kuweka kwenye mpango "kumsindikiza mhitimu"? Barua moja ya kunitambulisha kanisa la huko niendako ingetosha.

---

Mama_Ilazo

Mwanangu umenitoa machozi na hilo la kinanda.

---

MtuWaMadhabahu

Nimerudi. Nimesoma ya baba mwinjilisti na ya kijana. Bado sijakubaliana na mambo ya vipindi viwili vya kutoa, naona mnampimia Mungu. Lakini niulize kwa nia njema. Sisi ni kanisa changa, la kipentekoste, watu sabini hivi, hatuna dayosisi juu yetu ya karibu, mchungaji ndiye mwanzilishi. Tunaanzia wapi bila kumvunjia heshima? Kule TAG (Tanzania Assemblies of God) najua walikuwa na mpango wa miaka kumi, 2009 hadi 2018, wa kufungua makanisa na kuandaa wachungaji, na hakuna aliyesema wamepoa. Ila wao ni wakubwa, wana ngazi zao.

---

Katibu_wa_Vikao

Mtumishi, karibu tena. Watu sabini ni neema, unaweza kuwajua wote.

Msianze na dira wala dhima. Chukueni daftari la kawaida, mwandike kila kaya: wanakaa wapi, wanaishi kwa nini, yaani mshahara, kilimo, duka, bodaboda, mama lishe, na miezi gani ni migumu kwao. Msiandike kiasi cha kipato, mtaharibu. Nani mgonjwa wa muda mrefu, nani mjane, watoto wangapi. Daftari lisitumike kudai sadaka hata siku moja, na hilo mlitangaze kabla ya kuanza. Lishikwe na watu wawili, mmoja awe mwanamke.

Mkishamaliza, mpelekeeni mchungaji mwanzilishi alisome kwa utulivu, akiwa peke yake, aliombee jina kwa jina. Usimpelekee mapendekezo yoyote siku hiyo. Nimeona mchungaji mgumu kabisa akilainika kwa kusoma kwamba kaya fulani inakula mlo mmoja mwezi wa pili, na yeye ndiye aliyekuwa ametangaza mfungo na sadaka maalumu mwezi huohuo. Hakulaumiwa na mtu. Aliahirisha mwenyewe.

Kuhusu kumpimia Mungu, kuna mstari wa Matendo 15 ambao wazee wetu walinikazia: "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi, tusiwatwike ninyi mzigo zaidi ya hayo yaliyo lazima." Ni azimio la kikao hilo, lilitoka baada ya mabishano makali. Roho alikuwa kikaoni, na walipomaliza walipunguza mzigo.

---

Mtumishi_wa_Mtumba

Naongezea kwa MtuWaMadhabahu: na mkimaliza daftari, muulizeni mchungaji kwa upole kiwanja kiko kwa jina la nani. Siku nyingine, siyo siku ileile.

---

Mwinjilisti_Mstaafu

Daftari liandikwe kwa wino. Kalamu ya risasi inafutika. Mchwa wanakula karatasi, mtafutie bati la kuwekea.

---

Mama_Ilazo

Kikao chetu cha halmashauri ni Jumamosi hii, siku ya mnada wa Msalato, kwa hiyo nusu ya wanaume hawatakuwepo. Nitasimama na hoja ya jiko kwanza, nimeshaandika bei za mchele, mafuta na mkaa kwa ugeni uliopita. Ya Januari nitaiacha kwa wakulima waisemee wenyewe, nimeshaongea na wawili. Nitarudi kuwaeleza.

---

Katibu_wa_Vikao

Mama, tafadhali piga picha hayo mahesabu ya jiko uyaweke hapa. Kikao chetu ni wiki inayofuata na sina namba za kuanzia.